Valizi ya Papa ilikuwa chini ya meza

Dada mmoja wa Katuba ameniandikia: ana picha za bibi yake na anataka kufanya maonyesho ya kumbukumbu katika kartiye yao, yaani mtaa wao. Aanzie wapi? Dada, ningeweza kukujibu kwa mistari miwili, lakini jambo hili bado linaniuma.

Mimi nilianza kwa majivuno. Huku Lubumbashi, Kongo, ukitaja urithi, watu wanakuonyesha katikati ya mji: kathedrali, posta, majumba ya Wabelgiji. Nikasema hapana, urithi uko Kamalondo, ng'ambo ya ule ukanda ambao Wabelgiji waliuacha mtupu ili wasichangamane nasi. Nikakusanya vibuyu vya bibi, vitabu vya kazi vya Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi ya shaba, na misalaba ya shaba iliyokuwa fedha ya zamani. Nikapata ukumbi. Nilijiona mwanahistoria.

Jirani yetu, Papa mmoja, akaniletea valizi, sanduku lake la safari. Baba yake alitoka jimbo la Kasai kuja kufanya kazi ya shaba. Yeye alizaliwa Likasi, huku huku Katanga. Mwaka 1992, watu wa asili ya Kasai walipoanza kuitwa bilulu, yaani wadudu, na kufukuzwa Katanga, alilala stesheni na watoto wakingoja treni, kichwa juu ya valizi hiyo. Kisha mkubwa mmoja kutoka ofisi iliyotupa ruhusa akaja kukagua. "Hiyo itachokoza watu," akasema. Sikubisha. Sikuuliza hata watu gani.

Siku ya kufungua, msalaba wa shaba ulikuwa katikati, chini yake nimeandika "Urithi wetu sote". Papa akaja na shati la Jumapili. Akatafuta ukutani, akatafuta mezani. Valizi ilikuwa chini ya meza, kreti ya bia ya Simba juu yake. Akaitoa, akaipangusa kwa mkono wa shati. "Asante, mwanangu." Akaenda.

Kwa hiyo sikieni, ninyi mnaopenda mambo haya. Kabla ya kutafuta ukumbi, ulizeni nani hayupo. Msiandike "wetu" kabla ya kuwauliza wenyewe. Msalaba ule ule ulikuwa kwenye bendera ya Katanga ya Tshombe, yule aliyeitenga Katanga na Kongo mwaka 1960. Huyu anauona kwa fahari, yule anakumbuka stesheni. Kila mmoja aandike karatasi yake, hata zikigombana ukutani. Na mkubwa akisema "ondoa", mwulizeni kwa nini, mbele za watu. Narudia: ulizeni nani hayupo.

Mwezi uliopita nilienda kwa Papa. Tulikula bukari, yaani ugali, na fretini, visamaki vidogo, tukaongea habari za Mazembe, timu yetu ya mpira. Valizi niliiona juu ya kabati. Sikuthubutu kuiomba.