Mteja akikuuliza "nifanye nini?"

Wanafunzi wa ushauri nasaha ninaowasimamia hapa Nairobi hupenda kuniuliza washike nadharia ipi. Jibu langu huwakera: shika moja, uielewe hadi uweze kumweleza mama mboga wa Kawangware bila kutaja jina la mwanzilishi wake. Nyingine zitakuja.

Wengi huanza na Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani. Katika makala yake ya 1957 alisema mshauri amwelewe mteja kutoka upande wa mteja mwenyewe, amkubali bila masharti, tena asiigize. Darasani hayo huingia vizuri. Kisha unaenda atachimenti, yaani mafunzo kazini, mteja anafika kutoka Kayole kwa matatu mbili, anaketi, anasema, "Sasa daktari, nifanye nini?" Ukimjibu, "Naona ungependa kujua ufanye nini," atakutazama kama abiria aliyedaiwa nauli mara ya pili.

Wala hana kosa. Shangazi, mchungaji na wazee wote humpa jibu papo hapo. Kwa hiyo mweleze mapema mtakavyofanya kazi, siri inaishia wapi (maisha yakiwa hatarini, mtoto akidhulumiwa), na muulize anaweza kumudu kuja mara ngapi. Nauli ni sehemu ya tiba, hata kama vitabu havisemi. Mimi kwa swali lake humuuliza: umeshajaribu nini? Nani alikushauri, na ni lipi ulilikataa kimoyomoyo? Hapo ndipo mazungumzo huanza.

Kwa anayeweza kuja mara mbili tu, napenda tiba fupi inayolenga suluhisho, njia ya Steve de Shazer na Insoo Kim Berg wa Milwaukee, Marekani. Wao walitafuta siku ambazo tatizo lilipungua, wakachunguza mteja alifanya nini tofauti. Haikawii.

Aaron Beck, daktari wa akili aliyeanzisha tiba ya kuchunguza mawazo, naye ana kazi za nyumbani: andika wazo lililokujia, lipime kwa ushahidi. Ni nzuri sana, ila anayeishi chumba kimoja na mume anayempekua ataficha wapi daftari? Muulize kabla ya kumpa. Wengine hufanya zoezi hilo kichwani wakiwa njiani kwenda kazini, na linatosha. Na akihamia Sheng au lugha ya mama katikati ya sentensi, usimrudishe kwenye Kiswahili sanifu. Mara nyingi uchungu uko huko.

Jambo moja wanafunzi hulizunguka: kujiua. Uliza waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Kwa miaka mingi wateja walinyamaza pia kwa kuogopa sheria, kwani kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mwambie mteja hivyo, kisha umpigie msimamizi wako siku hiyohiyo, usingoje kikao cha wiki ijayo.