Macho mekundu: matone ya jirani usiyaguse

Dada, umeuliza kama yale matone yaliyomponya jirani yako yatamfaa mwanao aliyeamka leo macho mekundu na kope zimegandana. Usimtie. Mimi nilitiwa ya mwenzangu, na jicho la kushoto halijawa kama zamani.

Mnakumbuka macho mekundu yalivyoingia Mombasa mwanzoni mwa 2024. Naendesha tuktuk, Mwembe Tayari na Kongowea, na wakati ule hukosi abiria aliyevaa miwani ya jua hata baada ya magharibi. Kwangu walianza watoto, wakiyatoa chuoni, kisha mke wangu. Yao yalikuwa ya kawaida: jicho moja jekundu, kesho yake la pili, machozi, kama mchanga umeingia, asubuhi matongo. Lakini hakuna aliyesema haoni. Tuliwapangusa kwa pamba safi na maji yaliyochemshwa yakapoa, kutoka pembe ya puani kwenda nje, pamba ikigusa jicho mara moja inatupwa. Kitambaa cha maji baridi juu ya kope, kila mtu taulo yake, foronya zikifuliwa kila siku, mikono ikioshwa mpaka sabuni ikatuishia. Wiki moja na siku kidogo, wamepona. Wale ni virusi, na virusi havisikii antibayotiki.

Langu lilipoanza nikasema basi, zamu yangu imefika. Kumbe lilikuwa moja tu, na la pili halikuguswa kabisa. Hapo ningeshtuka. Dereva mwenzangu stejini akanipa kichupa chake, "Hii ndugu yangu siku mbili tu." Na kweli, siku ya pili jicho jeupe kabisa! Nikamsifu stejini kote. Siku ya tano likarudi na maumivu ya ndani, mwanga wa jua ukichoma kama sindano. Nilivuka daraja la Nyali nimefumba jicho moja, mama mmoja nyuma akaniambia kwa upole, "Mwanangu, nishushe ng'ambo pale, nitatembea."

Hospitalini daktari alinitia tone la rangi ya chungwa, akazima taa, akamulika mwanga wa buluu. Akanionyesha picha kwenye simu: juu ya kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele, mstari wa kijani uliochanua kama tawi la mti. Herpisi, virusi vile vile vinavyotoa vidonda mdomoni mtu akiwa na homa. Kile kichupa kilikuwa na steroidi. Steroidi hutuliza wekundu na uvimbe, wewe ukadhani umepona, huku virusi vinapata nafasi ya kula kioo. Nilipewa mafuta ya asiklovia, dawa ya kuzuia virusi hivyo, mara tano kwa siku. Kovu dogo limebaki. Usiku taa za magari zinanitawanyikia.

Sasa mwanao. Mtazame matongo. Yakiwa mazito ya manjano au kijani, ukifuta yanajaa tena mchana kutwa, huenda ni bakteria. Mpeleke kliniki apewe antibayotiki yake, na aimalize. Akijikuna sana macho yote mawili, anapiga chafya, na machozi ni maji matupu, hasa vumbi la kaskazi likivuma, hiyo yaelekea ni mzio na haiambukizi. Kope ikiwa na kijipu pembeni, hicho ni chokea: kitambaa cha maji ya uvuguvugu, wala usikitumbue.

Ila akilia kwa maumivu, akikimbia mwanga, akiona ukungu usioondoka hata akipepesa, au ukaona doa jeupe kwenye kioo, nenda leo leo. Anayevaa lenzi azivue na aende pia. Na mtoto mchanga asiyetimiza mwezi usingoje hata jioni. Maambukizi ya kuzaliwa nayo yanaweza kumpofusha.

Maziwa ya mama, majani ya chai, maji ya bahari, yote nimeshauriwa, na bibi yangu alikasirika nilipokataa. Wanja uliotumika wakati wa ugonjwa utupe, hata kama ni wa bei.

Kichupa chenyewe bado nakibeba kwenye tuktuk. Maandishi yake ni madogo mno, lakini yanasomeka: deksamethasoni, ndiyo steroidi yenyewe. Ukiona jina hilo, au predinisoloni ambayo ni steroidi pia, kwenye dawa ambayo daktari hakukuandikia wewe, mrudishie jirani.