Kabla hujakubali kupigiwa Windows upya

Mkuu, umesema kompyuta ya mezani ya stationery yako inawaka, feni inazunguka, halafu inaandika kwamba haioni diski ya kuanzia, na fundi anataka kupiga Windows upya leo. Mzuie kwanza. Kazi hii nimeifanya miaka mingi, na mara nyingi nakuta Windows ni nzima na mafaili yapo; kompyuta imepoteza tu njia ya kuifikia. Fundi akifuta diski, kazi za wateja wako zimekwenda.

Ingia BIOS, programu ya ubao mama inayoanza kabla ya Windows: washa huku ukigonga Delete au F2 mfululizo. Usibadili kitu bado, tazama saa na orodha ya diski. Saa ikisoma miaka ya nyuma, betri ya ubao mama imekwisha. Ni ile ya duara, CR2032, volti 3, hata mafundi saa huwa nayo. Ikifa, ukichomoa waya ukutani BIOS inarudi mipangilio ya kiwandani. Niliwahi kuletewa mashine ya mwalimu, ameshaambiwa diski imekufa. Tarehe ilisoma 1 Januari 2015, na diski ilionekana kwa jina na ukubwa wake kamili. Windows iliwekwa kwa UEFI (njia mpya ya kuwasha), BIOS imerudi Legacy (ya zamani). Nikaweka betri mpya, nikarudisha UEFI, nikahifadhi kwa F10. Ikawaka, mitihani yake yote imo. Kagua pia mpangilio wa SATA, yaani jinsi ubao unavyowasiliana na diski: ukihama kati ya RAID na AHCI, utapata skrini ya bluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE.

Diski isipoonekana kabisa, chomoa umeme, ubadili waya wa SATA na tundu lake. Ikiwa inagonga tik tik ndani, tafadhali usiendeshe chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski. Inaisoma diski nzima na inaweza kuimaliza. Okoa mafaili kwanza: weka Ubuntu, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, kwenye flashi ya GB 8, chagua kuijaribu bila kusakinisha, nakili kwenda diski ya nje. Kama kuna BitLocker, kufuli la Windows la diski, utahitaji ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi umo kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine.

Mafaili yakiwa salama, na BIOS iko sawa lakini bado haiwaki, washa kwa flashi ya kusakinisha Windows, bonyeza Shift+F10 dirisha la amri lifunguke, andika diskpart, kisha list volume. Sehemu ndogo ya FAT32 ya diski ya ndani, kwa kawaida MB 100 hivi, ndiyo yenye mafaili ya kuwashia. Ichague kwa select volume na namba yake, assign letter=S, exit. Pitisha dir C:\ uhakikishe Windows iko hapo, maana herufi za diski huhama, halafu:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Wengi watakutajia bootrec /fixboot, amri nyingine ya kurekebisha uwashaji. Kwenye Windows 10 mara nyingi inakunyima ruhusa, ndiyo maana naipenda bcdboot: inaandika upya mafaili ya kuwashia bila kugusa yako.

Tupia hapa picha ya BIOS, saa na diski zionekane, tuendelee.