Deki Haijafa, Iliyochoka ni Pawasaplai

Juma lililopita dada mmoja wa Sengerema aliniandikia kwamba deki ya video aliyoachiwa na baba yake iligoma kuwaka siku umeme uliporudi baada ya kukatika usiku kucha, na kwamba fundi wa mtaani kwake amemshauri aitupe. Niliusoma ujumbe huo mara mbili, kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa mimi miaka mitatu iliyopita hapa Mwanza, na sitaficha kwamba bado yananichoma.

Deki yangu ni ya VHS. Nisingeihangaikia kama si mkanda mmoja wa harusi ya dada yangu ya mwaka 1997, ambamo marehemu baba anaonekana akicheza bugobogobo, akirusha jembe juu kama kijana. Niliipeleka kwa fundi ambaye sitamtaja. Alikaa nayo wiki mbili, akapokea shilingi 15,000, kisha akanirudishia ikiwa bado imezima, huku akicheka mbele ya wateja wengine kwamba mtu mzima bado anang'ang'ania mikanda wakati wenzake wamehamia kwenye flashi. Nilipoifungua nyumbani, Igoma, nilikuta fyuzi imezungushiwa uzi wa waya wa shaba. Kinga pekee iliyokuwa kati ya deki na moto, bwana yule alikuwa ameiondoa, na mimi nikamlipa.

Hasira ndiyo iliyonifundisha. Nilikuja kuelewa kwamba deki iliyozimwa kwa kitufe cha mbele haijazimika hata kidogo: pawasaplai yake, yaani sehemu inayopokea umeme wa ukutani na kuugawia deki, huendelea kufanya kazi ili saa iende na rimoti isikike. Kapasita zake, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme, hupata joto mchana na usiku kwa miaka, majimaji yaliyo ndani hukauka taratibu, na hakuna anayegundua, maana pawasaplai iliyokwisha kuanza huweza kuendelea na kapasita mbovu. Umeme ukikatika na kurudi, kapasita ndogo inayoisaidia pawasaplai kuanza hushindwa kazi yake, na mwenye deki hudhani imekufa usiku ule, kumbe ugonjwa ulianza zamani.

Kuelewa ni jambo moja na kushika ni jingine. Umeme wetu wa volti 230 ukishapita kwenye daiodi, vipande vinavyoupitisha upande mmoja tu, hufika kwenye kapasita kubwa ukiwa DC, yaani umeme wa mwelekeo mmoja, wa karibu volti 320, na huweza kubaki humo hata baada ya plagi kuchomolewa. Nilikuwa nimelisoma hilo, lakini siku ya kwanza niliigusanisha miguu ya kapasita kwa bisibisi. Ukaruka mwali ulioing'oa ncha ya bisibisi na kumfanya mke wangu akimbilie swichi kuu. Tangu hapo huipitisha chaji kwenye balbu, kisha napima kwa mita, na hata mita ikisoma sifuri napima tena.

Miezi minne iliyofuata haina la kusimulia: nilirudisha fyuzi halali, nikabadilisha kapasita kubwa kwa kuwa ndiyo inayoonekana, nikang'oa daiodi zisizo na kosa. Mwenye hatia alikuwa kapasita ya mikrofaradi 1, volti 50, ukubwa wa punje ya haragwe, iliyobanana na bati la kupoza transista, ikiwa na ganda la mende juu yake. Haikuvimba wala kuvuja, lakini mita iliisoma karibu na sifuri. Nilinunua mpya ya kuhimili nyuzi joto 105, si 85, na nikaongeza tatu za upande wa volti 5 na 12. Moja kati ya hizo niliiweka kinyume, ule mstari wa hasi ukiwa upande wa chanya. Ilipasuka na kuijaza sebule harufu ya samaki aliyeoza, harufu ambayo sisi watu wa ziwani hatuhitaji kuelezwa.

Ndugu zangu, pimeni kabla ya kung'oa. Msikubali kuambiwa kitu ni takataka na mtu ambaye hajakipima. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016, kwa hiyo anayetupa deki leo hatapata nyingine mpya dukani, na mkanda wa mzazi wake utabaki plastiki tu. Pimeni, kisha pimeni tena.

Dada wa Sengerema, ikiwa saa ya deki yako haiwaki kabisa na fyuzi ni nzima, anza na hiyo kapasita ndogo iliyo karibu na bati la kupozea. Kabla ya kuichomeka tena, unganisha kwa mfuatano, kwenye njia ya umeme unaoingia kwenye deki, balbu ya zamani ya waya, ya wati 60: ikimulika kidogo kisha ikafifia, endelea, ikibaki inawaka kwa nguvu, chomoa, kuna shoti. Na ikiwaka, mkanda wa kwanza kuingiza usiwe wa baba yako. Weka wowote usio na thamani, kwa sababu deki iliyolala muda mrefu hutafuna mikanda.