Taa ya oili ikiwaka, usiilaumu sensa kabla hujapima presha

Sensa ya presha ya oili haisukumi oili wala hailainishi chochote. Kazi yake ni kutoa taarifa tu, kwa hiyo ikifa peke yake injini haidhuriki. Shida ni kwamba ukiwa kwenye usukani huwezi kutofautisha sensa mbovu na pampu ya oili iliyochoka, na presha ikikosekana kweli, beringi za krankshafti (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini) huungua ndani ya dakika chache. Usingoje injini ianze kugonga. Ikigonga, beringi zimeshaliwa.

Taa nyekundu ikiwaka njiani, egesha pahali tambarare na uzime injini. Subiri dakika 5 hadi 10 oili ishuke kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), kisha chomoa kijiti cha kupimia oili, ukipanguse, ukirudishe, usome. Ikiwa chini ya alama ya chini kabisa, ongeza. Oili iko sawa na taa bado inawaka? Vuta gari, usiliendeshe.

Kwenye magari mengi hiyo sensa ni swichi ya waya mmoja, iliyofungwa kwenye bloku karibu na filta ya oili. Presha isipokuwepo, swichi huunganisha waya na bodi na taa huwaka. Presha ikifika kama psi (kizio cha presha) 4 hadi 7, huachia. Fungua swichi ya gari (ile ya ufunguo) bila kuwasha injini, kisha chomoa plagi ya sensa. Taa ikiendelea kuwaka, waya umechubuka na unagusa bodi. Ikizimika, waya ni mzima, basi. Hapa ndipo wengi hujidanganya: wanaona taa imezimika wanatangaza sensa ni mbovu, wakati ingezimika vilevile hata kama pampu imekufa.

Jibu liko kwenye geji ya mkono ya kupimia presha. Fungua sensa kwa soketi ndefu (mara nyingi milimita 24 au 27), funga mahali pake geji yenye nyuzi za skrubu zinazolingana, na upashe injini moto hadi joto lake la kawaida. Ukipima ikiwa baridi, oili nzito itaficha beringi zilizolika. Kipimo cha jumla ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, ingawa kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho.

Geji ikisema presha ni nzuri, badilisha sensa. Ukikuta oili ndani ya plagi, kiwambo cha sensa (utando wa ndani unaosukumwa na presha) kimepasuka. Safisha plagi kabla ya kuirudisha. Usizungushie nyuzi tepu nyingi: swichi ya waya mmoja hupata athi (muunganiko wa umeme na bodi) kupitia nyuzi hizo, na athi ikikatika taa haitawaka tena hata oili iishe yote.

Hiyo taa isiyowaka kabisa naiogopa kuliko inayowaka muda wote. Kila ufunguapo swichi ya gari, hakikisha imewaka kabla ya kupiga stata. Ukilazimika kusubiri sensa mpya baada ya geji kuthibitisha presha, fanya safari fupi tu, pima oili kila asubuhi na uchungulie chini ya gari. Sensa inayovuja hainiridhishi hata kwa safari fupi, maana ikipasuka zaidi inaweza kumwaga oili yote ukiwa barabarani.