Silinda za kreni: kinachozishikilia ni valvu, si wenzo

Opereta akiachia wenzo, bumu (ule mkono mrefu wa kreni) likabaki angani na mzigo wake, wengi huamini pampu ndiyo inayolishikilia. Zima injini uone: bumu halishuki. Kinacholishikilia ni mafuta yaliyofungiwa ndani ya silinda, na kinachoyafungia ni valvu iliyokazwa kwa bolti kwenye mwili wa silinda yenyewe. Kwenye kreni nyingi valvu hiyo unaibeba kwa mkono mmoja. Nimetengeneza kreni za malori Dar es Salaam miaka mingi, na kama ningeruhusiwa kumwonyesha fundi mgeni kitu kimoja tu, ningemwonyesha hicho. Anayetaka kununua kreni iliyotumika naye ningempeleka hapohapo kabla hajaangalia rangi wala matairi.

Ziko za aina mbili. Kwenye miguu ya kreni, ile inayoshushwa pembeni ili kreni isimame imara, kuna valvu ya kufungia: mafuta yanaingia kwenye silinda bila shida, lakini hayatoki mpaka shinikizo la upande wa pili lije kuisukuma ifunguke. Kwenye silinda inayoinua bumu na ile inayolirefusha kuna valvu ya kushikilia mzigo. Hii inafungia vilevile, ila ina kazi ya ziada ya kuzuia mzigo usiikimbie pampu, yaani usishuke kwa kasi kuliko pampu inavyoleta mafuta. Kwa kawaida hutegwa ifunguke kwa kama asilimia 30 juu ya shinikizo kubwa kabisa ambalo mzigo unaweza kuleta.

Kwa nini zifungwe kwenye silinda na si kule mbele, karibu na wenzo? Kwa sababu ya hozi. Hozi hupasuka, ni mpira na waya, inakula jua, inasuguana na chuma. Valvu ikiwa kwenye silinda, hozi ikipasuka utapoteza mafuta na muda, lakini bumu litabaki lilipo na mguu utabaki umesimama. Ukiweka kipande cha hozi kati ya silinda na valvu, umeifanya valvu kuwa pambo.

Haya si mambo ya vitabuni. Niliwahi kuletewa kreni ya tani 25, mtumba wa Japani kama nyingi zinazopita bandarini kwetu. Mwenyewe alitaka tubadilishe hozi za miguu tu. Mguu wa nyuma kulia haukuwa na valvu. Gereji moja, na sitaitaja, ilikuta valvu imekwama, ikaichomoa, ikachonga kiungio na kuingiza hozi moja kwa moja kwenye silinda. Opereta hakuwa na malalamiko yoyote. Alisema mguu ule ndio mwepesi kuliko yote! Na hapo ndipo penye hatari: kreni isiyo na valvu hufanya kazi vizuri, tena kwa wepesi zaidi, mpaka siku hozi ikiachia huku mzigo uko juu ya upande huo.

Kwa hiyo unapokagua, zunguka. Anza na silinda nne za wima za miguu, nenda kwenye ya kuinua bumu (kreni nyingine zina mbili), malizia na ya kurefusha. Kila moja, kwenye tundu la mafuta la upande unaobeba mzigo, lazima uone kipande cha chuma kilichofungwa kwa bolti kabla ya hozi ya kwanza. Kwenye baadhi ya kreni valvu za miguu zimefunikwa kwa bati, fungua bati. Cheti cha ukaguzi nacho uombe, maana Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo na wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wapo, ila cheti kilitolewa siku fulani na gereji inaweza kuwa ilipita siku ya pili yake.

Sasa tuseme valvu zote zipo, lakini mguu mmoja unashuka. Fundi mwenye haraka husema “sili ya pistoni imekufa”, yaani kizibo kinachozuia mafuta yasipite kandokando ya pistoni, na kuanza kufungua silinda. Mimi naanza na chaki. Inua kreni kwa miguu matairi yaachie ardhi kidogo tu, zima injini, chora mstari kwenye rodi usawa wa pale inapoingilia kwenye silinda, kisha nenda kanywe chai. Ukirudi, angalia mstari kwanza. Kama haujasogea na kreni imelala upande, silinda yako ni nzima. Ni ardhi inayozama. Nimeona watu wakibadilisha sili zisizo na kasoro kwa sababu ya udongo wa mfinyanzi.

Na ardhi haidanganywi. Tani 30 kwenye sahani ya mguu yenye kipenyo cha sentimita 40 ni karibu tani 240 kwa kila mita ya mraba. Weka chini yake mataruma ya reli au mbao nene zilizofungwa pamoja, mita 1.2 kwa 1.2, shinikizo linashuka mpaka kama tani 21. Hiyo ni tofauti ya mguu kusimama na mguu kuingia kwenye shimo la maji taka ambalo hakuna aliyekwambia lipo. Mbao moja iliyopinda si kitu, inavunjika katikati.

Mstari wa chaki ukiwa umesogea, bado usikimbilie sili. Hapa pana jambo ambalo hata mafundi wazoefu hubishana nalo. Chukua silinda iliyofungiwa pande zote mbili, kama ilivyo kwenye miguu ya kreni nyingi. Hata sili ya pistoni ikiwa imekwisha kabisa, mguu hautashuka mpaka chini. Mafuta yatavuja kutoka juu ya pistoni kwenda chini yake, lakini rodi ikiingia ndani inachukua nafasi, na mafuta hayana pa kwenda. Mguu utashuka kidogo kisha utasimama. Shinikizo la ndani ndilo litakalopanda, kwa kuwa sasa mzigo unabebwa na eneo la rodi peke yake. Kwa silinda ya milimita 140 yenye rodi ya 100, linakaribia kuwa mara mbili. Mguu unaoshuka bila kusimama maana yake mafuta yanatoka nje ya silinda, na kama hakuna tone chini, yanapita kwenye valvu. Silinda ya bumu ni kesi nyingine, kwani mara nyingi upande wake wa rodi haujafungiwa. Pale sili mbovu inaweza kulishusha bumu lote.

Na valvu inavuja kwa nini? Mara nyingi kwa uchafu. Punje moja ya chuma ikikaa kwenye kiti chake, haifungi tena. Nilichokikuta mara nyingi kuliko vyote ni ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Mtu anaizungushia kwenye nyuzi za kiungio, vipande vinakatika ndani, vinasafiri na mafuta mpaka kwenye valvu na kukaa pale. Viungio vingi vya haidroliki vinazibwa na koni yake au oringi yake (pete ya mpira), tepu haihitajiki hapo. Toa valvu, ioshe kwa dizeli safi, ipulize kwa hewa, badilisha oringi, na angalia kiti chake kwa tochi. Kikiwa na mkwaruzo unaoonekana, agiza mpya.

Kuitoa huko ndiko kunakoua watu. Valvu ya kufungia inafanya kazi yake hata injini ikiwa imezimwa na hata ukizungusha wenzo wote: mafuta nyuma yake bado yana shinikizo la mzigo mzima. Usilegeze bolti hata moja kabla mzigo haujaondoka kwenye silinda hiyo. Bumu lilazwe kwenye kitako chake. Mguu uwe umepandishwa, kreni iko kwenye matairi. Kama kwa ubovu wowote bumu haliwezi kushushwa, litegemezwe kwa nguzo ya chuma au lishikwe na kreni nyingine kabla ya spana kuguswa. Ukiwa unatafuta tundu dogo linalovuja, tumia kipande cha boksi, kamwe usipitishe mkono. Mafuta yenye shinikizo yanatoboa ngozi kama sindano, kidonda kinaonekana kadoa tu, na bila upasuaji wa haraka mtu anaweza kupoteza kidole au mkono. Ukimpeleka hospitali mwambie daktari waziwazi kwamba ni mafuta ya shinikizo yaliyoingia ndani ya mwili, asije akampaka dawa na kumrudisha nyumbani.

Skrubu ya kutegea iliyo kichwani mwa valvu ya kushikilia mzigo iacheni, jamani. Bumu likitetemeka wakati wa kushuka, kijana anachukua ufunguo wa pembe sita na kuanza kuizungusha. Baadhi ya valvu hizi zimeundwa kinyume cha valvu za kupunguza shinikizo: ukizungusha kuelekea mkono wa saa, mshiko unapungua badala ya kuongezeka. Kijana anadhani amekaza, kumbe ameachia mzigo. Kutetemeka mara nyingi husababishwa na hewa ndani ya mafuta, mafuta mepesi kuliko yanayotakiwa, au valvu ya aina nyingine iliyobandikwa kwa kubahatisha. Tafuta huko kwanza.

Kuna kushuka kusiko na ubovu wowote, na kumewagombanisha maopereta na mabosi wao bure. Mafuta ya haidroliki hutanuka kama asilimia 0.07 kwa kila nyuzi moja ya joto, na hupungua kiasi hichohicho yakipoa. Fikiria silinda ya kurefusha bumu yenye mita 6 za mafuta. Mchana kutwa umefanya kazi, mafuta yako kwenye nyuzi 60. Ukaacha bumu limerefushwa, jioni mafuta yakashuka mpaka 30. Hesabu yake ni kama sentimita 12 za kurudi nyuma, bila tone kuvuja. Wakati mwingine hairudi polepole, inashikwa na msuguano kisha inachomoka kwa kishindo na kumshtua kila mtu. Ndiyo maana mzigo hauachwi unaning'inia wakati watu wamekwenda kula.

Miguu nayo ina tabia hiyo, kwa kinyume. Umeiweka alfajiri, saa saba mchana jua linachoma upande mmoja na mwingine uko kwenye kivuli cha jengo. Milimita chache zinatosha kutoa kreni kwenye usawa, na jedwali la mizigo limeandikwa kwa kreni iliyo sawa. Mimi huangalia pimamaji tena baada ya chakula, na kabla ya kila mzigo mzito.

Rodi zetu za pwani zinaliwa na chumvi. Kromu ikishatoboka, kila inapoingia na kutoka inakwangua sili. Kreni ikilala, miguu iingizwe ndani. Sehemu itakayobaki nje ipakwe grisi. Mchomeleaji naye asifunge waya wake wa ethi mahali ambapo umeme utapita kwenye silinda. Cheche ndogo kati ya rodi na bushi huacha vishimo ambavyo hutaviona mpaka mafuta yaanze kuchuruzika.

Barabarani valvu haitoshi. Silinda za mlalo, zile zinazotoa mihimili ya miguu nje, kwenye kreni nyingi hazina valvu ya kufungia. Kona kali tu inaweza kuuchomoa mhimili, na mhimili uliotoka nje ya lori unaweza kumkata mwendesha bodaboda bila dereva kuhisi chochote. Kazi hiyo ni ya pini. Pini halisi, yenye kipenyo chake na kipini cha kuizuia isiruke, si kipande cha nondo kilichokunjwa wala waya wa kufungia zege. Utingo azikague kwa kuzishika mkononi, na dereva azunguke tena mwenyewe. Hapohapo ahakikishe gia ya pampu imetolewa, ndoano imefungwa, na bumu limekaa kwenye kitako chake.

Swali ninaloulizwa zaidi ni la bei, kwa sababu valvu mpya si rahisi na dukani Gerezani, mtaa wa hapa Dar es Salaam, utaonyeshwa nyingine yenye nyuzi zilezile kwa nusu yake. Kuingia kwenye nyuzi hakutoshi. Valvu mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana uwiano wa kufunguka, yaani shinikizo la kuifungua linavyozidishwa ndani yake, moja 3 kwa 1 na nyingine 10 kwa 1, na ya pili itafunguka kwa shinikizo dogo sana, bumu lianze kurukaruka. Piga picha namba zilizogongwa kwenye mwili wa valvu, piga na kibati cha kreni chenye modeli na namba ya chasisi, tuma vyote kwa muuzaji. Kreni ikae chini mpaka kifaa kifike, na mwenye mradi aambiwe hivyo siku hiyohiyo ili atafute nyingine ya kukodi.