Wa 1400 dhidi ya wa 1800

Umeuliza kama mchezaji wa sataranji (chesi) mwenye kiwango cha 1400 ana tumaini lolote mbele ya wa 1800, na kama abadilishane kete harakaharaka, kila mmoja akila ya mwenzake, apate sare. Tumaini lipo. Kwa hesabu ya Elo, yaani namba hizo zinazopima uwezo wa wachezaji, pengo la 400 humwachia mnyonge takriban pointi 9 katika michezo 100, ushindi ukihesabiwa pointi moja na sare nusu. Ila kubadilishana kete ovyo, hapana! Mkibaki na wafalme na askari tu, hapo ndipo mzoefu anapokumaliza: mfalme wake keshafika katikati ya ubao, wako bado yuko pembeni. Acha malkia wabaki, mpe maswali magumu, na saa yako itumie. Akiomba sare nawe una nafasi nzuri, usikubali kwa kuogopa namba yake.